Wiki Tuliyopima Mtaa wa Wapaka Rangi

Ofisini tulimwita Mama Mvuke, na jina alilipokea bila kununa, maana kazi yake ndiyo hiyo: kukadiria mvuke unaopanda jiji zima kutoka kwenye petroli, rangi, thina, gundi na vanishi. Vitu hivi ukifungua kopo tu vinaanza kuruka, na vikiruka haviendi mbinguni; vinaingia vifuani mwa watu. Kwa vituo vya mafuta alikuwa na njia yake: anachukua mafuta yaliyouzwa, anakadiria yanayopotea hewani, kazi kwisha. Kwa mafundi wa barazani hapakuwa na cha kushika. Nani anajua fundi kapuliza thina kiasi gani leo? Mkuu wetu alijua! Alichukua makisio ya mwaka jana, akayaongeza kidogo, akasaini. Mama Mvuke akilalamika, anaambiwa anatia chumvi.

Nilikaa naye meza moja, kwa hiyo hasira zake nilizinywa pamoja na chai.

Na hasira zenyewe zilikuwa na sababu. Mdogo wake wa tumbo moja ni fundi wa kupuliza rangi magari, barazani, kinga yake kitambaa tu puani. Kikohozi kilikwisha kumfanya nyumba. Basi jiji likatangaza kwamba litajenga chumba kimoja cha kupulizia rangi, chenye feni za kufyonza mvuke, kwenye mtaa utakaoonekana una hali mbaya kuliko yote. Mama Mvuke alipigana kufa na kupona ili mitaa ipimwe, isikisiwe. Mkuu akakubali shingo upande: wiki moja, basi.

Hapo uaminifu wake ukamponza. Asije akaambiwa anampendelea ndugu yake, alikataa kukanyaga mtaa wa mdogo wake, ule wa wapaka rangi, wiki nzima. Dereva wa ofisi ndiye aliyetundika barazani ile mirija midogo ya kioo yenye unga wa mkaa unaonasa mvuke, na ndiye aliyeibadilisha kila siku. Tena kanuni ya upimaji inasema anayepimwa asielezwe kinachotafutwa, asije akabadili mwendo. Kwa hiyo alimpigia mdogo wake simu, mimi nikisikia, akamwambia: "Watakuja watu wangu na vifaa. Nyie fanyeni kazi kama kawaida."

Kama kawaida! Nani duniani anaambiwa dada yake mkubwa analeta watu wa ofisini, halafu akaacha kwake kama kawaida?

Dereva alirudi na sifa tele. "Jamani, ule mtaa una watu wastaarabu! Wamenipa na soda."

Majibu ya maabara yalipokuja, mtaa wa wapaka rangi ulikuwa wa mwisho kabisa. Thina kidogo, rangi kidogo. Kilichojaa ni mvuke wa manukato, yale ya kopo ambayo watu hupuliza sebuleni na chooni. Mama Mvuke alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani. Mkuu alichekelea. "Unaona? Hata makisio yangu yalikuwa yamezidi." Mama Mvuke akaomba vipimo virudiwe. Akajibiwa kwamba vifaa vilikuwa vya kuazima na vimekwisha kurudishwa. Chumba kikapewa maseremala wa upande wa pili wa jiji.

Jioni ile tulikwenda wote wawili barazani kwa mdogo wake. Macho yalianza kutuwasha hata kabla hatujakaribishwa. Mdogo wake akatoka, anakohoa huku anacheka.

"Dada! Karibuni, karibuni."

"Ile wiki ya vifaa mlifanya nini hapa?"

"Si tuliwapokea vizuri? Tulifagia, makopo yote tukayafunika, mafundi tukachangishana tukanunua manukato. Kila asubuhi tunapuliza kabla gari lenu halijafika."

"Na magari ya wateja? Mliacha kupaka?"

"Tuache tule nini? Tulipakia rangi kule stoo." Akatuonyesha chumba cha nyuma kisicho na dirisha. "Mlango tulifunga, na chini tukaziba kwa matambara, harufu isitoke ikakuharibia kazi. Ila wiki ile kifua kilinikamata kweli, dada, sikufichi."

Nilitaka kumtukana mtu, nikakosa wa kumtukana. Mama Mvuke alikaa juu ya tairi bovu, akamweleza yote: ile kanuni, mirija, chumba, feni, na mahali chumba kilikokwenda. Mdogo wake alisikiliza mikono kiunoni.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unautaka uchafu wangu?"

"Ndiyo."

"Sasa si ungesema tu, dada," akamwambia taratibu. "Huo ndio nilionao. Ningekupa wote."