Mume Wangu, Kaka Yangu na Vigari Vinavyofanana

Wengi mliniuliza mwaka jana nilikuwa wapi zile Jumapili nilizokosekana kwaya. Nilikuwa nazunguka nchi nikiwafuata wanaume wawili wazima walioamua kushindana kwa magari. Mmoja ni mume wangu, Baba Anjela, mwenye gereji pale Pasua, Moshi mjini. Wa pili ni kaka yangu Deo, anayelima kahawa Kibosho na kuteremsha ndizi sokoni kwa pikapu. Sikwenda kwa kupenda. Nilitumwa na mama yangu.

Chanzo chake ni hiki. Miaka yote hawa wawili wakikutana kihambani, kwenye shamba la ukoo kwa mama, na pombe ya mbege ikamiminwa, ubishi ni uleule: nani dereva. Baba Anjela atasema alimwacha Deo kwenye ile barabara mbovu ya Kibosho. Deo atasema aliachwa na gari, si na mtu, maana pikapu ilikuwa na mzigo wa ndizi. Wiki inayofuata kaka anampita, na mume wangu anasingizia tairi. Basi yakaja mashindano ya taifa ya vigari vya michezo, vile vifupi vya viti viwili, vyote aina moja, injini moja, vinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Ni vya waandaaji, na kila dereva anapewa chake kwa kura. Ukishindwa, umeshindwa wewe. Wote wawili wakajiandikisha siku hiyohiyo.

Mama akaniita. "Nenda nao," akasema. "Mwisho wa mwaka Anjela anapata kipaimara. Mjomba wake asipokuwepo, nitaificha wapi sura yangu? Hao wakigombana huko, nakudai wewe." Kwetu mjomba ndiye anayembariki mtoto wa dada yake. Asipotokea, hata ungechinja ng'ombe, sherehe hiyo watu wataihesabu haikufanyika. Nikafunga virago.

Asubuhi ya kuondoka kwenda Arusha niliendesha mimi, pikapu ya kaka. Baba Anjela alisema dereva wa mashindano hachoshi mikono yake kwenye lami ya kawaida. Kaka Deo akasema kwa hilo, shemeji yake ana akili. Tukakaa watatu mbele, helmeti zao mapajani, sufuria yangu ya ndizi za machalari imefungwa kamba nyuma. Njia nzima wakanifundisha kukata kona, na hakuna aliyenishukuru tulipofika.

Arusha uwanja ulikuwa wa vumbi, na watu walijaa. Katika mbio za kwanza mume wangu akawa wa pili kutoka mwisho, kaka akawa wa mwisho. Kaka akaenda moja kwa moja kwa msimamizi. "Hiki kigari kinavuta kushoto." Msimamizi, kijana mpole, akawabadilishia kabla ya mbio za pili. Safari hii kaka akawa wa pili kutoka mwisho, na mume wangu akawa wa mwisho. "Umeona?" akasema Baba Anjela. "Kweli kinavuta kushoto."

Jamani, walioko mbele hawakuwahusu kabisa. Washindi walishashuka, wameshakunywa maji, wanapiga picha na wake zao, na hawa wangu bado wanafukuzana kule nyuma kama vile kombe liko katikati yao. Niliona aibu, halafu nikajikuta nimepanda juu ya sufuria ili nione vizuri.

Morogoro tulifikia kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, mcheshi, aliyetupokea na maji ya kunawa. "Karibuni. Mmekuja kushinda?"

"Tumekuja kutokuwa wa mwisho," nikamwambia.

Akawatazama wote wawili, akaguna. "Sasa si mmoja wenu lazima awe?"

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Kesho yake, kona ya mwisho, Baba Anjela akaligusa bampa la kaka yangu kwa nyuma, na kigari cha kaka kikaingia kwenye shamba la mihogo na kupotea. Nilikimbia mpaka viatu vikabaki njiani. Nikamkuta amesimama mzima, majani ya mihogo kwenye kola. Hakumtazama mume wangu. Alinitazama mimi. "Mama Anjela, hicho kipaimara kifanyeni bila mimi."

Nilimfikiria mwanangu na gauni lake jeupe lililokuwa kwa fundi, nikamfikiria mama, nikakaa palepale kwenye matuta nikalia.

Kurudi Moshi, kaka alikataa kukaa mbele. Akajilaza nyuma na sufuria, akajifunika turubai. Karibu na Korogwe trafiki akatusimamisha, akafunua turubai. "Na huyu mzee ni mzigo wa nani?" Nikamjibu ni wa kwangu. Akaamuru mzigo uhamie mbele. Kuanzia hapo walikaa bega kwa bega, na mazungumzo yote yakapitia kwangu. "Mama Anjela, mwambie kaka yako asogeze goti." "Mama Anjela, mwambie mumeo goti langu halina pa kwenda." Mpaka Same nilikuwa nimechoka kuliko injini.

Tulipofika Kibosho, mama hakuuliza nani alishinda. Alikwenda kwenye ua wa kihamba, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akamkabidhi mume wangu. Ninyi mnaosoma mkiwa mbali, jueni kwamba isale likishaletwa kuombea msamaha, anayeletewa hana ruhusa ya kukataa.

"Mama, shikamoo, lakini isale ni la aliyekosa," akasema Baba Anjela. "Mimi nilikuwa napita tu."

"Marahaba. Lipeleke."

Alilipeleka nyumbani kwa kaka, nikiwa nyuma yake kuhakikisha halitupi migombani. Kaka alilitazama lile jani mpaka chai ikapoa. Akalipokea. Njiani kurudi mume wangu akaniuliza kama isale linafunika na mbio zijazo.

Mbio za mwisho za msimu zilikuwa nyumbani, kwenye barabara za mashamba ya miwa chini ya Moshi. Na hapo ndipo isale lilipotutokea puani. Kaka, aliyesamehe, hakutaka aonekane analipiza. Mume wangu, aliyeomba msamaha, hakutaka aonekane anarudia. Kila walipokaribiana mmoja alipunguza mwendo. Wenzao wote walishamaliza. Hatua chache kabla ya mstari wa mwisho, vigari viwili vikasimama sambamba.

"Tangulia, shemeji," akasema kaka.

"Hapana, shemeji. Nimekukosea mimi. Tangulia wewe."

"Nimeshakusamehe. Pita."

"Ungekuwa umenisamehe ungepita."

Watu walianza kucheka, kisha wakaacha, maana sauti zilikuwa zinapanda na kaka alishaanza kufungua mkanda ashuke. Nikaona kipaimara kinaondoka tena mbele ya macho yangu. Nikaruka kamba. Msimamizi alipuliza filimbi, nikamwambia apulize tu.

"Baba Anjela, shuka. Ingia kwa shemeji yako."

Alishuka, akajikunja kando ya kaka Deo. Mimi nikaingia kwenye kigari alichokiacha, na kitenge changu kichwani, nikavuka mstari mbele yao wote wawili. Watu walishangilia kuliko walivyomshangilia bingwa. Msimamizi akawafuta wote wawili kwenye matokeo ya msimu mzima. Wakanitazama kama niliyechoma ghala la kahawa, wakaondoka bila kuniaga.

Tangu hapo kaka hakupokea simu yangu. Siku ya kipaimara misa ikaisha, tukapanda kihambani, wageni wakakaa, mjomba hayupo. Mume wangu naye akawa amepotea. Anjela alinishika mkono, haulizi kitu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kugawa nyama, macho yakinichoma, niliposikia pikapu ya ndizi inapanda kilima. Ndani walikuwa wawili, wanaongea kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Kaka Deo akambariki Anjela vizuri, kwa maneno ya kwetu, mpaka mama akafuta machozi. Kisha akawageukia wageni. "Mimi na shemeji yangu msimu huu tulikuwa na nafasi. Magari yalikuwa sawa, madereva tulikuwa sawa. Aliyetuharibia ni mtu mmoja, na ndiye huyo anayewagawia nyama."

Watu wakaangua kicheko. Nilisimama na sahani mkononi, nimekasirika kwelikweli, jibu liko tayari mdomoni. Nimezunguka nchi nzima na kilichonifunza ni hiki: wagomvi wawili hawahitaji msuluhishi, wanahitaji mtu wa tatu wa kumlaumu. Jibu langu nikalimeza, maana mume wangu alikuwa amesimama, amemshika kaka yangu bega, anatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kweli kabisa, shemeji," akasema. Miaka yote ya ndoa yangu, sikuwahi kumsikia akimwambia hivyo.