Mlango wa tela la ng'ombe ulitaka kunifanya mjane, sasa naufunga kwa mkono mmoja

Wakuu, kwema humu? Wakubwa zangu, shikamooni.

Leo sijaja na swali, nimekuja kushukuru. Ninayoyaandika ni ya kweli tupu, na mwenye kubisha apite hapa Kitai alione tela kwa macho yake.

Wengine mtanikumbuka. Ni yule mama aliyeuliza jinsi ya kupunguza uzito wa mlango wa tela. Mkanicheka kwanza (nimewasamehe), halafu mkanisaidia.

Kwa wageni: mimi na mume wangu, Baba Konsolata, tunasafirisha ng'ombe na nguruwe wa watu kwa pikapu yenye tela. Mlango wa nyuma ukiushusha unakuwa daraja la mnyama kupandia.

Shida, aliyelitengeneza aliweka mbao nene za mninga. Masika zikinywa maji, kuuinua ni shughuli ya wanaume wawili walioshiba.

Mwaka huu Baba Konso akapasuliwa ngiri. Daktari akamwambia mbele yangu: usinyanyue kitu kizito, mshono ukiachia utarudi hapa kwenye machela.

Akaitikia vizuri sana. Lo, mwanaume wa Kimatengo huyo!

Nikawa dereva, yeye abiria. Tukifika kwa mteja, nikienda kutafuta mtu wa kunisaidia, nikirudi namkuta ameshauinamia mlango, jasho linamtoka, mkono mmoja kwenye mshono. Nikifoka ananijibu, "Watu wanaangalia, Mama Konso. Nisimame tu kama kigingi?"

Jamani, nilikuwa silali kwa hofu. Nilifikia kutaka kuuza tela, na ndilo linalotulisha, kahawa yetu bado changa.

Kwanza nikang'oa mbao, nikaweka bati. Ujinga wangu. Ng'ombe wa Litumbandyosi kukanyaga tu, bati likalia, akageuka akatukimbiza wote hadi kwenye migomba. Nikarudisha mbao.

Ndipo mkuu mmoja humu (anajijua) akanifuata PM. Akasema: funga waya wa chuma kwenye mlango, upitishe kwenye kapi (kile kigurudumu cha kuvutia kamba) juu ya fremu, uende mpaka mbele, kisha uning'inize uzito ndani ya bomba. Mlango ukishuka, uzito unapanda. Ukitaka kuufunga, uzito unashuka na kukusaidia kuuvuta.

Akasisitiza: usizidishe, mlango ubaki mzito kidogo.

Fundi wa kuchomelea akaweka mabomba mawili, moja kila kona ya mbele. Uzito nikautoa nyumbani. Marehemu baba mkwe alikuwa mpimaji wa kahawa enzi za mizani ya mawe, na yale mawe ya chuma tulikuwa tunazuilia milango isipigwe na upepo.

Nikayazoa yote. Mimi na ubishi wangu.

Safari ya kwanza tulipeleka ng'ombe mtamba Mbaha, kule chini ziwani. Mlango ilibidi niukanyage ndipo ushuke. Hapo ningeshtuka, sikushtuka. Mtamba alipotoa mguu wa mwisho tu, mlango ukaruka juu wenyewe, paa! Wamama waliokuwa wanaanika usipa wakatimua mbio na nyungo zao.

Baba Konso alicheka mpaka akashika mshono. Nikamwambia acha, utachanika bure.

Nikatoa jiwe moja kila upande. Ukatulia.

Wiki iliyopita tulirudi Litumbandyosi. Ng'ombe kapanda, na mzee wangu kwa mazoea akaja mbio anakunja mikono ya shati. Nikauinua mlango kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Nikatia komeo.

Akabaki ameuangalia. Kisha akaenda mbele, akagusa lile bomba.

"Kumbe baba bado ananisaidia," akasema. Akaenda kukaa kwenye kiti cha abiria bila kuambiwa. Nilisogea pembeni nikalia kidogo, sifichi.

Nilichojifunza: mimi nilikuwa namfokea mtu, kumbe wa kushughulikiwa ni mlango.

Mkuu uliyenielekeza, mshono umekauka na mume wangu ninaye. Mungu akuzidishie. Ukipita Kitai kuna kuku wako.

Wenye matela, ninyi mnatumia mbinu gani? Tiririkeni hapo chini, nasoma yote.

Baba Konso anachungulia begani kwangu hapa. Anasema niwaambie hakuja mbio, alitembea haraka.