Mlio Asiousikia Fundi Sikio

Pale gereji walimwita Sikio, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mafundi wengine huipandisha gari kwenye jeki kwanza, ndipo waulize ina nini. Yeye alifanya kinyume. Alimwambia dereva aendeshe, akakaa pembeni yake, akashusha kioo na kufumba macho. Kabla hawajafika mwisho wa barabara alikuwa ameshasema: beringi ya nyuma, au mkanda umelegea, au gari yako haina ugonjwa wowote, nenda zako. Spana aliishika mwisho kabisa. Hata wenzake waliomtania kutwa, walipokwama walimsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, "Sikio, hebu njoo kidogo."

Masikio hayakumtoka kwa kishindo. Umri ulianza kumnyang'anya zile sauti nyembamba, moja moja. Ndege wa alfajiri akadhani wamehama. Birika la nyumbani likawa linachemka bila filimbi. Akamwambia mkewe limeharibika. Mkewe akamtazama, akaliepua. Ngurumo ya injini, mvumo wa beringi na maneno ya watu aliyasikia vizuri, kwa hiyo hakujishtukia. Au tuseme alijishtukia, akajifanya hajui.

Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na dereva wa teksi, kijana mpole mwenye heshima ya kupita kiasi. Mbele ya baba mkwe hakai mpaka aambiwe, na akiambiwa habishi. Asubuhi moja aliileta teksi yake gereji.

"Shikamoo, baba. Breki za mbele zinalia. Mlio mkali, kama msumari juu ya kioo."

"Marahaba. Twende tukaisikilize."

Sikio akapanda, akafumba macho. Mkwe akaendesha hadi mwisho wa barabara, akakanyaga breki. Gari ikasimama vizuri. Sikio alisikia kokoto chini ya matairi, akasikia pumzi zake mwenyewe.

"Hiyo," mkwe akasema.

Sikio akangoja. Mkwe akasogeza gari, akakanyaga tena.

"Hiyo hapo, baba."

Angeweza kusema pale pale. Walikuwa wawili tu ndani ya gari. Lakini waliporudi langoni, mnyoosha bodi za magari wa pale gereji alikuwa ameegemea nyundo yake anangoja hukumu, na mafundi wawili watatu wamesimama naye.

"Haya Sikio, mgonjwa kasemaje?"

"Vumbi," Sikio akajibu.

Akainama, akachungulia katikati ya matundu ya rimu. Pedi ya breki aliyoiona ilikuwa nene. "Pedi nzima hii. Vumbi limejaa tu." Akamwagia maji, akapangusa, akapiga rimu kofi kama mtu anayempongeza farasi.

"Sawa, baba," mkwe akasema. Sawa hiyo ilitoka haraka mno. Sikio aliisikia vizuri sana.

Wiki iliyofuata aliyekuja ni binti yake, anaendesha teksi mwenyewe, mtoto wake mdogo amesinzia kiti cha nyuma. Aliposimama langoni, mnyoosha bodi alikunja uso na kuziba sikio.

"Loo! Dada, breki hiyo inatoboa meno!"

Mafundi wote waligeuka isipokuwa mmoja. Sikio alikuwa ameipa gari mgongo, anafuta mikono kwa kitambaa. Aligeuka kwa sababu aliwaona wenzake wamegeuka.

"Baba," binti akasema, "panda."

Akapanda. Binti aliendesha polepole mpaka gereji ikapotea nyuma yao. Kisha akauliza, "Umeisikia hiyo?"

"Nimeisikia."

"Sasa hivi?"

"Si nimekwambia nimeisikia, mama? Ni vumbi lile lile."

Binti akaegesha gari kando, taratibu, akazima injini.

"Baba, sijagusa breki."

Sikio akatazama nje ya dirisha. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika shuka, na Sikio akamkodolea macho kama vile hajawahi kuona shuka ikianikwa. Masikio yale yale yasiyofaa kitu yalikuwa yanawaka moto. Angepata upenyo angeshuka akatokomea kwa miguu.

"Nilimwambia mume wangu aipeleke kwa fundi mwingine," binti akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. "Akakataa. Anasema watu wakiiona teksi yake kwa fundi mwingine wakati wewe, baba mkwe wake, uko hai, utakuwa umeumbuka. Kwa hiyo anaiendesha hivyo hivyo, anakwepa barabara za mteremko. Leo nimeuchukua ufunguo bila kumwambia."

Nyuma yao mtoto akaguna usingizini, akajigeuza upande wa pili.

"Turudi," Sikio akasema. "Taratibu."

Alipandisha gari kwenye jeki, akatoa tairi. Kila diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, ina pedi mbili zinazoibana, moja nje na moja ndani. Ya nje unaiona kwa kuchungulia. Ya ndani haionekani mpaka tairi litoke na kalipa, ile mashine inayozibana, ifunguliwe. Pini ambayo kalipa huteleza juu yake ilikuwa imeganda kwa kutu. Basi pedi ya ndani ilifanya kazi peke yake mpaka ikabaki kama ganda la kitunguu. Pembeni yake kuna kibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kilie pedi ikikaribia kwisha. Kilikuwa kimesuguliwa hadi kinang'aa. Kililia na kulia, mtaa mzima ukakisikia, na yeye akasema vumbi.

Mwanagenzi angemfanyia kosa hilo, angemtukana mpaka ajute kuzaliwa.

Mkwe alifika kwa miguu, anahema, shati limemganda mgongoni. Alimwona mkewe amembeba mtoto, akamwona baba mkwe amepiga magoti na pedi mkononi, akainamisha macho.

"Shikamoo, baba. Nisamehe, sikujua kama amekuja kukusumbua."

"Usiniombe msamaha wewe." Sikio alimnyooshea ile pedi. "Tazama. Sikuusikia mlio ule. Hata mara moja."

"Najua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Nilikanyaga, nikakutazama usoni."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekwambiaje, baba?"

Sikio akaiweka pedi chini. Kijana huyu alikuwa ameendesha gari mbovu wiki nzima, hata mwanawe mwenyewe akapakiwa humo, ili mzee mmoja aendelee kuitwa jina la sifa. Sikio alitamani atukanwe. Hakutukanwa, mkwe aliinama tu, akamshikia taa.

Walisugua pini kwa msasa, wakaipaka grisi, wakaweka diski na pedi mpya, wakahamia upande wa pili na kufungua kila kitu hata kilichoonekana kizima. Kisha mkwe akakaa kwenye usukani. Sikio hakupanda. Alisimama langoni, mahali alipozoea kutoa hukumu zake, wenzake wakiwa nyuma yake.

Teksi ikaenda, ikageuza, ikaja, ikasimama.

Sikio alisikia matairi tu. Angeweza kumuuliza mnyoosha bodi kwa kunong'ona, pembeni. Aligeuka akawatazama wote.

"Mimi sauti nyembamba sizisikii tena," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Nambieni ninyi. Inalia?"

Hakuna aliyecheka. Mnyoosha bodi, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kukosa utani, aliiweka nyundo chini na kusogea hadi ukingoni mwa barabara.

"Mwambie arudie," akasema. "Nisikilize vizuri."

Sikio akampungia mkwe mkono arudie, macho yake yakiwa chini, kwenye viatu vyake vilivyojaa grisi, akingoja kuambiwa.