Gogo Mbele ya Antena

Mume wangu alipanda minara, mimi nikiitazama kwenye skrini. Ndivyo tulivyogawana kazi katika kampuni ile ndogo ya mtandao: yeye porini na mkanda wa kupandia, mimi ofisini Shinyanga na programu inayoonyesha antena ipi iko hai na ipi imekufa.

Daraja la Masumbwe ndilo lililoninyima raha. Daraja kwetu ni antena mbili zinazotazamana kwa mbali, data ikipita hewani katikati. Moja ilikuwa Masumbwe, nyingine kilimani upande wa Nyarugusu, juu ya kituo cha afya cha wachimbaji wadogo. Mganga wa pale alilitumia kuongea kwa video na madaktari wa hospitali kubwa. Na mstari wa nguvu ya mawimbi ulikuwa unashuka, kidogo kidogo, wiki hadi wiki, kama mtu anayekonda mbele ya macho yako. Bosi aliniuliza sababu kila asubuhi. Nilianza kuichukia ile programu.

Mwishowe mume wangu akaenda. Alipofika juu ya mnara wa kilimani akanipigia. Antena haijasogea, akasema, ila mbele yake kuna gogo limefungwa kwa kamba, ngoja alisukume pembeni. Yeye ni mtu wa Dar es Salaam. Mimi nimezaliwa Masumbwe, baba yangu alitulea kwa asali, na nilijua gogo lililofungwa juu ni mzinga wa nyuki.

"Usiliguse," nikasema.

Kwenye skrini mstari ulikuwa umesharuka juu. Nyuma yangu bosi akapiga makofi. Kwenye simu nilisikia mvumo, kisha ukelele wa mume wangu, kisha ikakatika.

Nikapiga tena, haikupokelewa. Mlinzi wa mnara naye hakupokea. Programu ilinionyesha kila kitu: joto la antena, kasi, data inayopita. Yote kijani. Mtu aliyening'inia juu ya mnara hakuwemo. Nilitamani kuivunja ile skrini kwa kiti.

Hatimaye mlinzi akapiga. Mzinga ulikuwa wake. Aliutundika pale nyegere wasipoweza kuufikia, na kadiri ulivyojaa asali ndivyo ulivyoziba mawimbi. Alikuwa amepanda na moshi wa majani akamshusha mume wangu.

"Nisamehe, mama. Anapumua kwa shida. Bodaboda imempeleka hapo chini kituoni."

Nikageukia skrini. Kwenye daraja data ilikuwa imepanda ghafla, pande zote mbili, na haikushuka. Nililijua umbo lile: video. Mganga alikuwa anaongea na daktari, na waliyekuwa wakimtazama ni mume wangu. Nikashika kingo za meza nikiomba mawasiliano yasikatike. Bosi akaniuliza jambo, nikamwambia anyamaze.

Kisha data ikashuka hadi chini kabisa. Maana yake wamemaliza kuongea. Wamemaliza vipi, programu haisemi. Nilikaa nikiutazama ule mstari mtupu.

Simu ikaita, namba ya mganga. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mtu aliyevimba midomo.

"Mstari umepanda?" mume wangu akauliza.

Nikamwambia umepanda. Halafu nikamtukana huku nikilia, mbele ya ofisi nzima.