Siku Pasaka Alipopanda Ghorofa

Enzi zetu, ukimwambia mtu wa mjini kwamba unakaa Mabogini, alikutazama miguuni kwanza aone kama una tope. Na tulikuwa nalo. Tulikuwa na tope la asubuhi la kufukuza ndege kwenye mpunga, tope la mchana la kukamata kambale kwenye mifereji, na tope la jioni ambalo halikuwa na sababu yoyote isipokuwa raha. Mimi na dada yangu Manka tuliteleza kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa, tumeshikana mikono, tunacheka mpaka tunaanguka. Mama akituona alisema, "Haya, leo mtalala nje na vyura." Hatukulala nje hata siku moja.

Nyumba zilikuwa chache, za tofali za udongo na bati. Kati yake palikuwa na mpunga, mahindi, na migomba michache ambayo Baba aliiteremsha kutoka kihamba cha babu, shamba la ukoo huko juu mlimani. Joto la bondeni liliitesa migomba ile, lakini Baba hakutaka kusikia habari ya Jumapili bila kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage mpaka mwiko unasimama wenyewe. Tukitoka kanisani harufu yake ilitupokea mbali, tukaanza kukimbia na viatu mkononi. Milango mingi ilikuwa pazia tu. Ulipiga hodi huku umeshaingia.

Ndipo akaja Mzee Shabani, fundi cherehani wa Majengo mjini, akapata kiwanja jirani na sisi na kuanza kujenga ghorofa. Ghorofa, kwetu, katikati ya vyura. Watoto wote tulihamia kule. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ngazi za zege, maana shule yetu ilikuwa chini na kanisa lilikuwa chini. Manka alizipanda kwa magoti mara ya kwanza, halafu akashuka kwa makalio, akasema dunia ya juu ina upepo mwingine.

Sasa, sisi tulikuwa na ng'ombe mmoja, Pasaka, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa Jumatatu ya Pasaka. Jumamosi moja, Pasaka akiwa na mimba kubwa ya kukaribia kuzaa, Mama alikwenda kusaga mahindi akatuachia kamba mkononi. "Msimwache peke yake," alisema. "Huyu ndiye chai yenu na madaftari yenu."

Tulimfunga kwenye mpera, tukamtazama kwa muda unaotosha watoto wa umri wetu, yaani dakika tatu hivi. Halafu tukasikia wenzetu wanatuita kwenye rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Kwenye rede Manka alikuwa hapigiki. Aliinama, aliruka, alijipinda kama kambale, huku mimi najaza mchanga kwenye chupa na kupiga kelele. Tuliporudi, kamba ilikuwepo. Pasaka hakuwepo.

Tulimtafuta kwenye mpunga, tukamtafuta mferejini, tukamtafuta hata nyuma ya choo. Mwisho tukasikia mlio wake unatoka angani. Tukainua macho. Pasaka alikuwa ghorofani kwa Mzee Shabani, kichwa nje kwenye nafasi ya dirisha, anatafuna taratibu na kuangalia mashamba yetu kama mwenye nyumba.

Mafundi walikuwa wametandaza majani mabichi juu ya zege na kuyamwagia maji ili lisipasuke kwa jua. Pasaka aliyaona, akayafuata, ngazi baada ya ngazi. Kupanda hakukumsumbua. Kushuka ndiko alikokataa. Tulimvuta, tukamsukuma, tukambembeleza kwa Kichagga na Kiswahili. Aliangalia ngazi, akatuangalia sisi, akarudi nyuma mpaka karibu na ukingo ambao haukuwa na ukuta. Hapo kicheko kilituishia. Nilianza kulia.

Mama alirudi na unga wake kichwani, akasimama chini akatazama juu. Alitua unga, akapanda, akamshika Pasaka tumbo, akasema, "Mwiteni baba yenu. Huyu anazaa sasa hivi."

Na kweli, adhuhuri ile, juu ya zege la fundi cherehani, Pasaka alizaa ndama jike, mweupe na madoa mekundu. Majirani wote walikuwa wamefika. Wanawake walipiga vigelegele. Baba hakushangilia, kwa sababu kwa mbali aliona baiskeli ya Mzee Shabani inakuja kukagua nyumba yake.

Baba alikimbia kwenye ua wetu, akakata jani la isale, akaenda kusimama njiani. Kwa Wachagga, mtu akikuletea isale ameomba msamaha, na kukataa ni vigumu sana. Lakini Mzee Shabani hakuwa Mchagga. Alilipokea jani kwa heshima, akaligeuzageuza, akamuuliza Baba, "Hili napika au nachemsha?"

Baba akamweleza jani, kisha akamweleza ng'ombe. Mzee Shabani akapanda ngazi zake pole pole. Akakuta Pasaka, ndama, Mama, na watu kama ishirini wamekaa wanakunywa chai ya chupa. Akachuchumaa mbele ya ndama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mke wangu amekataa kuhamia huku," alisema alipopata pumzi. "Kila siku ananiambia, Shabani, unanipeleka porini, nikiugua atakuja nani? Sasa nitamwambia kwamba nyumba haina hata dari, na tayari mpangaji wa kwanza amezaliwa humo."

Kumshusha ndiyo ilikuwa shughuli. Tulibeba magunia ya pumba na mafungu ya mabua ya mpunga, tukayapanga kwenye ngazi na kushindilia udongo juu mpaka pakawa mteremko. Wakubwa kwa wadogo tulikuwa tunapishana tunaimba. Pasaka bado akagoma. Basi Baba akamweka ndama mabegani, akaanza kushuka. Pasaka akamfuata nyuma, hatua kwa hatua, kichwa juu kama bibi harusi. Adhabu yetu ilikuwa kuondoa pumba zote na kupiga deki. Wiki mbili baadaye mke wa Mzee Shabani alihamia vyumba vya chini, nyumba hata haijaisha. Ndama akaitwa Mpangaji.

Baada yao walikuja wengine, na wengine tena. Nguzo za umeme zikaja, barabara ikachongwa, na Mama mwenyewe akakata shamba viwanja kwa mikono yake, maana magoti yalikuwa yamekataa kuinamia mpunga. Leo nyumba yangu imesimama palipokuwa jaruba. Ina geti, ukuta na vigae. Binti yangu Neema, akiwa na njaa, hupiga simu kutoka chumbani kwake kuja jikoni kuuliza kama chakula tayari. Ukimtuma dukani anauliza kama hawawezi kuleta.

Nilipomsimulia habari ya Pasaka alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Sasa Mama, jirani wetu wa hapa ukutani anaitwa nani?"

Sikujua. Miaka minne, najua honi ya gari lake na jenereta lake, jina silijui.

Jumamosi iliyofuata nilipika kiburu, nikafunika bakuli, nikatoka. Neema alikataa kuongozana nami, aliona aibu. Zamani safari ile ingekuwa hatua kumi na pazia moja. Siku hizi ina mageti mawili, nyaya za umeme na kitufe cha kubonyeza. Nikabonyeza. Sauti ya kike ikatoka ukutani, "Hatujaagiza chakula."

"Najua," nikasema. "Mimi ni jirani."

Halafu komeo likalia, akatoka mama kijana amebeba mtoto, macho yamemtoka. "Shikamoo," akasema. "Karibu. Tangu tuhamie hakuna aliyewahi kuja bila kupiga simu."

Tulikula, tukacheka, nikabeba mtoto. Saa mbili zikapita. Simu ikaita, Neema ananiuliza nimepotelea wapi. Nikamwambia niko ng'ambo ya ukuta, na kama ana njaa, aje kwa miguu.