Koda Aliyoianzisha Mama

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya miaka ya hamsini ambayo nikiikumbuka moyo bado unanienda mbio. Ilikuwa Kalenga, siku ya kuondoka kwangu kwenda kwa mume, Ilomba, kule Mbeya. Lori limekwisha kuwashwa, sanduku langu liko juu. Sikuwa nimewahi kufika Mbeya, na mume wangu alikuwa amenisimulia milima yake mpaka nikaiota.

Kwaya yetu, ambayo nami niliiimbia sauti ya kwanza, ilijipanga uani kunisindikiza. Mwalimu wa kwaya alikuwa seremala mfupi, mkali sana kwa wachelewaji. Yeye ndiye aliyetufundisha neno koda. Alichora ubaoni duara lenye msalaba, akasema, "Mkifika mwisho wa wimbo, rudini mwanzo. Rudini hata mara kumi. Nikiinua mkono wa kushoto, ndipo mruke hadi kwenye koda. Huo ni mkia wa wimbo. Maneno yake hayaimbwi mahali pengine, na yakiisha, mmemaliza."

Koda ya wimbo ule ilikuwa mstari mmoja tu: Nenda, mlango hatufungi.

Basi wakaimba. Wakafika mwisho, wakarudi mwanzo, wakarudi tena. Mkono wa kushoto wa mwalimu haukuinuka. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri, hataki kutoka. Nilikuwa binti yake wa pekee, na Mbeya kwake ilikuwa mwisho wa dunia.

Dereva akapiga honi.

"Mwalimu, wimbo huu hauna mwisho?" akauliza shemeji yangu, ndugu wa mume aliyekuja kunichukua. "Mvua ikitukuta njiani, bibi harusi ndiye atakayesukuma lori."

"Mwisho upo, baba. Mwenyewe yuko jikoni."

"Basi mwambieni mwenyewe besi zenu zimeanza kukohoa."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na haraka kuliko dereva. Nikashika mlango wa lori, nikaweka mguu ndani. Mwalimu akaniona, mkono wa kulia ukiendelea kupiga mapigo.

"Shuka, binti. Ukienda sasa utakuwa umekata wimbo, hujaumaliza."

Nikashuka. Wakarudi mwanzo tena. Ndipo sauti ikatoka jikoni, nzito, haifuati ufunguo wowote: Nenda, mlango hatufungi. Mama hakuwa mwanakwaya, ila tulifanyia mazoezi uani kwake. Akatokea mlangoni, mikono imejaa unga, anaimba. Besi wakamdaka, kisha sote, hata shemeji. Mwalimu akainua mkono wa kushoto akiwa amechelewa, mara ya kwanza maishani mwake. Mama akanipandisha lori mwenyewe. Alama za vidole vyake zilikuwa bado kwenye gauni langu tulipoingia Ilomba.

Sasa nisikilize, mwanangu. Utaondoka nyumbani, utaacha kazi, utaagana na rafiki. Usirukie lori kwa sababu honi imelia. Rudi mwanzo, kaa, ongea, hata kama wengine wanacheka. Mngoje yule anayeumia kuliko wote, aseme neno la mwisho kwa kinywa chake. Hapo utaondoka mzima, na utakaporudi hutabisha hodi kama mgeni.

Mungu akufungulie njia zako zote, na kila uondokapo akupe mtu mwenye unga mikononi wa kukuimbia. Nenda, mwanangu. Mlango hatufungi.