Gari Refu la Kumletea Mama Mkwe

Ruhusa ya kuagiza magari ya mitumba ilipotoka, hata sisi wa Kilosa tukayaota. Tulipokwenda yadi ya magari Morogoro, mke wangu Asha, mjamzito, alipenda gari fupi. Nikamdharau.

"Hilo litalala tumbo kwenye tope la Msowero. Mama yako tutamletaje kutoka huko?"

Nikachukua refu kama ghorofa, linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Masika ikaja, Asha akakaribia kujifungua, nikamfuata mama mkwe. Tope lote nikalipita nikipiga honi. Nikashuka kifua mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akainua mguu apande gari. Haukufika. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata akianguka. Basi nikatazama mawingu kama mkaguzi wa mvua. Shemeji zangu wakaleta kinu, wakakifudikiza, akakikanyaga, akapanda.

Tulipofika Kilosa, majirani walikuwa wamejaa uani kulishangaa gari. Nikafungua mlango kwa mbwembwe. Mama mkwe akachungulia chini, akarudisha mguu ndani.

"Gari zuri, baba," akasema, wote wakisikia. "Na kile kinu umekibeba?"

Asha alicheka mpaka akashika tumbo.